Sauti Nyuma ya Kichwa cha Mzee Gachanja

Siku mliponikatia keki ya kuniaga pale studio mlitaka niseme maneno machache, nami nikasema asanteni nikaketi. Hamkuridhika. Mmoja wenu alinifuata mpaka kwenye lifti akaniambia, "Madam, si hata utuandikie kitu kidogo." Haya, naandika. Habari za vyeo nitaziruka kwa sababu zimo kwenye faili, na za mishahara nitaziruka kwa sababu hazina utamu. Nitawaeleza kuhusu ule msumari mtupu ulio kando ya mlango wa chumba cha kurekodia, ambao kila mwaka kuna mtu hutaka kuung'oa nami nakataa bila kutoa sababu. Sababu ninayo, ila nusu yake mpaka leo inanichanganya.

Nilikuja Nairobi kutoka Mombasa na cheti cha ufundi wa redio. Baba alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Mwembe Tayari, na tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi. Mjomba wangu, muuza vitambaa katikati ya jiji, alinitafutia kazi kwenye studio hii hii ya Westlands, wakati huo ikiwa vyumba viwili na choo cha kugombania na mawakili wa ghorofa ya chini. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea simu na kuandika majina ya wasanii daftarini. Siku ya kwanza nilikuta mtu mrefu mwenye sweta amepiga magoti nyuma ya mitambo, akitafuta kwa nini upande mmoja umezimika. Nilimwambia waya umekatika ndani, karibu na plagi, ndiyo maana ukiupinda unarudi. Alinitazama, akanikabidhi chuma cha lehemu. Kufikia jioni nilikuwa fundi, na simu ilikuwa inalia haina mtu wa kuipokea.

Huyo ndiye Mzee Gachanja, fundi mkuu. Nyumbani kwake kulikuwa mji wa Kikuyu, nje ya Nairobi, naye alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa kwaya, mtu wa sweta hata mwezi wa pili. Kila nijualo kuhusu kusikiliza nilijifunza kwake. Kabla ya kurekodi alitaka tukae kimya tusikie chumba chenyewe, na mara nyingi tulichosikia ni mawakili wakibishana. Na kabla wimbo haujatoka, ilikuwa lazima aupige kwenye kisanduku cha mbao chenye spika moja tu, aliyoing'oa kwenye redio kuukuu. Alikiita redio ya shosho, yaani ya bibi. Alisema watu wengi wa nchi hii wanasikiliza muziki kwa spika moja, jikoni au dukani, na kama shosho hasikii maneno, basi sisi bado hatujafanya kazi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mwenye studio, Bwana Mutiso, alirudi safarini na hedifoni moja nyeusi. Ilikuwa ile aina iliyofungwa kwa nyuma, inayofunika sikio lote kama kifuniko cha sufuria. Sauti haivuji nje ikaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, na kelele za barabara ya Waiyaki Way haziingii ndani. Siku hizi mnazo sita na mnazitupa juu ya viti. Sisi tulikuwa nayo hiyo moja. Mzee aliipigia msumari wake ukutani, na hakuna aliyeigusa bila kumwomba.

Mimi nilikuwa na mtindo wangu mbaya. Kwa ajili ya mtandio sikupenda kuivaa kichwani. Nilishika upande mmoja nikaubana sikioni, na sikio la pili nikaliacha huru lisikilize chumba, simu na Bwana Mutiso. Mzee alinikanya mara mbili tatu, kisha akachoka. Nami nilijiona hodari, maana nilikuwa nafanya kazi tatu kwa wakati mmoja.

Sasa mje kwa Wairimu. Alikuwa binti wa Kangemi, muuza nguo za mitumba na mwimbaji wa injili, mwenye sauti iliyofanya mawakili wa chini wanyamaze. Alikuwa amejikusuru miaka miwili apate kurekodi wimbo mmoja tu. Wiki hiyo spika zetu kubwa zilikuwa kwa fundi, karatasi ya moja imechanika, kwa hiyo Mzee alipanga kuchanganya wimbo wote kwa hedifoni. Siku moja kabla, mpiga gitaa aliikalia. Ule waya unaopita juu ya kichwa kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia ukakatika, na upande wa kulia ukafa.

Ningeweza kuteremka mjini, mtaa wa Luthuli kwenye maduka ya vifaa vya redio, nikanunua waya unaofaa. Lakini mvua ilikuwa inanyesha na mbele yangu kulikuwa na redio ya shosho, ina waya mwembamba mzuri usiofanya kazi siku hiyo. Nikaukata. Nilijiambia nitaurudisha wiki ijayo. Waya wa asili wa hedifoni ulikuwa na nyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, ili fundi ajue ipi inakwenda wapi. Huu wangu ulikuwa na nyuzi mbili, zote nyeupe. Nilibahatisha, nikalehemu, nikafunga. Nikasikiliza kushoto, safi. Nikasikiliza kulia, safi. Nikaitundika msumarini na moyo umejaa majivuno, laiti baba yangu angeniona.

Asubuhi Mzee aliivaa, akacheza sauti ya Wairimu, akakunja uso.

"Zuhura, huyu mtoto anaimbia wapi?"

Nikamjibu anaimbia pale pale, kwenye maikrofoni.

"Hapana. Mimi namsikia huku," akasema, akagusa kisogo chake. "Na besi imeenda wapi?"

Niliichukua, nikabana upande wa kushoto sikioni, nikabana wa kulia. Zote nzima. Nikamrudishia. Baada ya saa moja akaniita tena, sauti iko nyuma ya kichwa. Nikapima tena, nzima. Mara ya tatu Bwana Mutiso alikuwa mlangoni anatutazama, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuambiwa kazi yangu ina kasoro.

"Mzee, labda ni masikio," nikasema.

Nilisema kwa mzaha, au ndivyo ninavyojiambia. Hakucheka. Alinitazama kidogo, akaivaa hedifoni, akageukia mitambo. Hakulalamika tena, siku ile wala siku zilizofuata.

Alikaa na ule wimbo siku tatu. Siku ya tatu alitoka akiwa anatabasamu, akasema amempata, sasa Wairimu yuko katikati. Nikasikiliza kwa sikio langu moja, na kweli Wairimu alikuwepo. Mzee akaulizia redio ya shosho. Nikamwambia waya wake nimeuazima kidogo. Bwana Mutiso akasema wakati hakuna, wimbo unangojwa, na yeye ameshausikiliza garini akienda kwake Loresho. "Sauti imejaa gari yote," akasema, "sijawahi sikia kitu kama hiyo." Hilo la mwisho lilikuwa kweli tupu.

Wimbo ulipigwa redioni Jumapili. Jumatatu asubuhi Wairimu alikuwa mlangoni kwetu, bado ana vumbi la Kangemi kwenye viatu. Alikuwa anamwita Mzee "Guka", yaani babu, kwa heshima.

"Guka, mum anasema siko kwa wimbo."

Tulidhani tumekosa kuelewa. Akaeleza tena. Mama yake ana kibanda cha mboga na redio ndogo. Aliwaita majirani wote waje wamsikie mtoto wake, wakasikia ngoma, gitaa na waitikiaji. Wairimu mwenyewe hakuwemo. Tukamvalisha hedifoni, akajisikia waziwazi, akazidi kuchanganyikiwa. Akampigia rafiki yake mwenye redio kubwa ya spika mbili, rafiki akasema amemsikia, tena vizuri. Akampigia mama yake, mama akasema yeye si kiziwi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Bwana Mutiso alipigia simu kituo cha redio, wakamwambia wamepiga walichopewa. Mpiga gitaa akasema ni wivu wa watu. Akina mama wa kanisa la Wairimu waliiombea kaseti, nao wakaisikiliza tena kwa redio ndogo ya kanisani, bado hayumo. Mimi, mtoto wa fundi redio, nilipanda hadi Kangemi nikasimame mbele ya kile kibanda nisikie mwenyewe. Wimbo ulipigwa adhuhuri. Ngoma zilikuwepo, nzito kupita kiasi. Pale ambapo Wairimu angepaswa kuingia palikuwa na shimo, na kwa mbali mwangwi wake kidogo, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. Mama yake alikuwa ameshika fungu la sukumawiki. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mlimtoa mtoto wangu kwa nini?" Nikanunua mboga nisizozihitaji nikarudi kazini.

Bwana Mutiso hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu jambo liwe na mwenyewe. Alikumbuka nilichosema alipokuwa mlangoni, akampeleka Mzee kupimwa masikio kwenye kliniki moja Upper Hill. Daktari alisema masikio ni ya mtu wa umri wake, sauti nyembamba sana zimepungua kidogo, lakini kazi anaweza. Katika yote hayo Bwana Mutiso alisikia neno moja, zimepungua. Wiki hiyo hiyo spika kubwa zikarudi kutoka kwa fundi, nikaambiwa nichanganye wimbo upya, tangu mwanzo. Nikauchanganya kwa zile spika. Ulipopigwa, mama yake Wairimu alituma salamu kwamba sasa anamsikia mtoto wake, na kwamba mboga nyingine ziko. Studio nzima ikashangilia, na kila mtu akajua, bila kusema, kosa lilikuwa la nani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mimi ndiye niliyekuwa mbaazi, wala sikujijua.

Mwisho wa mwezi Mzee aliaga. Hakukuwa na keki. Alichukua hedifoni msumarini, akanipa kwa mikono miwili.

"Hii sasa ni yako. Mimi masikio yameniacha."

Nililia chooni, mawakili wakagonga mlango. Mtu aliyenifundisha kusikia ukimya wa chumba, masikio yamemwacha. Niliamini. Ndilo jambo linalonichanganya hata leo, jinsi nilivyoamini upesi.

Nikakalia kiti chake. Fundi mkuu hawezi kushika hedifoni kwa mkono mmoja, mikono yote miwili ina kazi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nikaivaa sawasawa juu ya mtandio, masikio yote mawili. Nikacheza sauti ya mwimbaji. Ikanijia kisogoni.

Nilidhani ni kile kiti. Nikakisogeza. Nikadhani ni mtandio, nikabadilisha wa nailoni nikavaa wa pamba. Nikaigeuza hedifoni, kushoto kulia, kulia kushoto, sauti ikabaki nyuma ya kichwa. Nikaanza kuogopa kwamba huu ni ugonjwa unaoambukiza wanaokaa pale. Kwa siri nilikwenda kliniki ile ile ya Upper Hill, daktari yule yule. Akasema nina masikio mazuri kupita kawaida, akaniuliza kama nina mawazo mengi nyumbani. Wiki mbili nilifanya kazi kama mtu aliyelogwa, nikishukuru Mungu kwamba spika kubwa zipo.

Kisha Bwana Mutiso akanunua hedifoni ya pili. Niliivaa, sauti ikakaa katikati, mbele ya macho. Nikavaa ya zamani, kisogoni. Mpya, katikati. Ya zamani, kisogoni. Nikachukua bisibisi nikafungua sikio la kulia. Waya wangu ulikuwa pale, nyuzi mbili nyeupe, na matone ya lehemu yangu ambayo nayajua kama mwandiko wangu.

Nyinyi mlisoma haya chuoni, lakini nivumilieni. Ndani ya kila sikio mna kispika chenye ncha mbili. Ukizibadilisha upande mmoja, kispika kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta. Ukisikiliza sikio moja moja, kila kitu ni kizima. Ukivaa yote mawili, kinachopaswa kuwa katikati kinakimbilia nyuma, na besi inapotea. Mimi nilipima kulia, nikapima kushoto, na katika miezi yote ile sikupima mtu anavyosikia kweli.

Nikafungua kazi ya zamani ya Mzee kwenye kompyuta, ile iliyotupwa. Kawaida yake alikuwa anaigawa sauti ya mwimbaji kwenye mistari miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto. Kwenye mmoja wao alikuwa amebonyeza kile kitufe cha kuigeuza sauti juu chini. Nikaelewa zile siku tatu. Sauti ilikuwa kisogoni, watu wote wanamwambia hedifoni ni nzima, naye akatafuta mpaka akapata namna ya kuirudisha katikati. Kwa ile hedifoni yangu mbovu, ikawa sawa. Kwa redio yenye spika mbili, ikasambaa ikajaa gari yote. Kwa redio yenye spika moja, ile mistari miwili ilikutana ikauana, mmoja unasukuma na mwingine unavuta, na Wairimu akatoweka. Redio ya shosho ingetuonyesha kwa dakika moja. Nayo nilikuwa nimeinyang'anya waya wake, na ndio huo huo niliokuwa nimeushika mkononi.

Niliona aibu ambayo sijaiona kabla wala baada. Nilimweleza Bwana Mutiso. Akaniuliza kama haingekuwa heri tumwache mzee wa watu apumzike, ameshazoea. Nakiri maneno hayo yalinifaa. Niliyatumia siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikarudi ofisini kwake nikamwambia ninakwenda Kikuyu, na nikamtaka aniambie kama kiti cha Mzee bado kipo. Akasema kipo.

Jumamosi nilitia kwenye kikapu ile hedifoni bila kuitengeneza, kicheza CD kidogo, na chuma cha lehemu. Mama Njeri, mkewe Mzee, alinipokea kwa furaha, akaninong'oneza kabla hatujaingia. Tangu Mzee arudi, akasema, redio haijafunguliwa nyumba hii. Na kwaya amewaachia wengine, anasema masikio yake yatawapoteza. Miaka ishirini na zaidi alikuwa anaifundisha ile kwaya.

Mzee alirudi kutoka kukamua ng'ombe, akanawa mikono, akanisalimu kama mgeni wa heshima. Chai ikaletwa. Nilishindwa kuanza, kwa hiyo nikampa tu hedifoni aivae. Niliweka wimbo wa Wairimu, ule niliouchanganya upya.

"Iko wapi, Mzee?"

"Nyuma," akasema kwa uchovu, kama mtu anayeulizwa habari za maradhi yake.

Nikaichukua. Nikachomeka chuma cha lehemu kando ya televisheni, nikafungua sikio la kulia juu ya stuli, nikazibadilisha zile nyuzi mbili nyeupe, nikapuliza, nikafunga. Nikamvalisha kwa mikono yangu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Katikati ya wimbo aliinua kidole polepole akakiweka hapa, kati ya macho mawili, akakiacha hapo.

"Hii waya nani aliweka?"

"Ni mimi."

"Lini?"

"Siku moja kabla ya Wairimu."

Akafikiri.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nasikia," akasema.

"Ulikuwa unasikia, Mzee. Ni sisi hatukusikia. Nisamehe."

Akavua hedifoni, akaizungusha mikononi, akapitisha kidole gumba juu ya ile skrubu ya kulia.

"Kunywa chai," akasema, "itapoa."

Nilikunywa. Nikamwambia kiti chake kipo, Bwana Mutiso amesema. Akajibu nimpelekee shukrani, lakini ng'ombe hawangoji mtu. Akaniomba jambo moja, nimwachie ile hedifoni. Nikamwachia, na ndiyo maana ule msumari uko mtupu. Mkiung'oa sasa siwezi kuwazuia, ila angalau mjue. Redio ya shosho niliitia waya mpya Jumatatu yake, nyekundu na nyeusi, na ndicho kile kisanduku mnachowekea vikombe. Viondoeni.

Wachache waliosikia kisa hiki nje ya studio wameniuliza kama Mzee alinisamehe. Sijui. Tuliendelea kusalimiana kwa miaka mingi, nikashirikiana na watoto wake kumzika, na hakuwahi kulitaja. Ninachokijua ni cha siku ile tu. Mama Njeri alikuwa ananisindikiza, amenibebea kikapu chenye ndizi na maziwa. Tulikuwa tumefika langoni tuliposikia redio imefunguliwa ndani, mtangazaji anasoma habari, na juu yake sauti ya Mzee, kali, ile ile ya studio.

"Mama Njeri, njoo usikie huyu! Amemeza maikrofoni nzima!"

Mama Njeri akaniwekea kikapu mkononi bila kwaheri, akarudi ndani mbio.